Kuku Akitembea

Jumatatu, 3 Julai 2023

Kilomita: sifuri.

Hili ni daftari langu la safari, kila ukurasa una nafasi ya kilomita, na mkono umezoea. Acha iandikwe. Nitaandika yote tangu mwanzo maana sina kazi nyingine duniani.

Siku ya saba bila usukani. Miaka kumi na minne naendesha Fuso ya patron Edmond, bosi wangu — Butembo, Beni, Mbau, Oicha — viazi na maharagwe kwenda, kakao kurudi. Barabara ya Mbau, ambayo watu wakiitaja wanashusha sauti, haikunichuna hata ngozi. Nimekuja kuvunjika Lubero. Sokoni. Mchana kweupe. Lori limesimama, injini imezimwa! Nilikuwa juu ya magunia nafunga turubai, kamba ikakatika. Wauza viazi walicheka kwanza, ndipo wakaja kuniokota.

Muundi wa kulia. Mguu wa breki.

Hospitali walisema vyuma, na kwa vyuma ningoje zamu. Patron akasema hakuna haja: huko juu mlimani yuko mama Kahongya, fundi wa mifupa, ndiye aliyemuunganishia baba yake mkono uliovunjika. Nikapandishwa kwa machela, wanaume wanne, kila mmoja analalamikia uzito wangu.

Mama Kahongya ni mfupi, mpole, mikono mizito. Alinishika mguu akaniuliza nina watoto wangapi. Niko katikati ya kujibu — akavuta! Nilimwita marehemu mama yangu kwa sauti. Alipokwisha kunifunga vijiti vya mwanzi, mume wake, muzee Siméon, akaleta kuku jike mwekundu. Mama akamshika mguu wa kulia, akauvunja. Tak! Akamfunga vilevile kama mimi: vijiti vidogo, kamba ndogo.

— Chauffeur, akaniambia, huyu njo saa yako. Siku atakanyaga chini, na weye utakanyaga. Mbele ya ile, hapana.

Ndiyo desturi yao: kuku ndiye saa yangu, kabla hajakanyaga nami sikanyagi. Kuku namlisha kwa mkono wangu mwenyewe. Haliwi. Amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda changu. Tunatazamana.

Alhamisi, 6 Julai

Kilomita: sifuri.

Patron amepiga simu. Réseau, mtandao wa simu, hapa inashika mlangoni tu, upande wa kushoto, kwa hiyo muzee Siméon alinikokota na kitanda chote, mimi na kuku. Patron sauti ya asali. Pole, pole sana. Lori sasa analishika Fadhili. Fadhili! Convoyeur wangu, utingo niliyemfundisha mimi gia ya pili iko wapi. Patron anasema ataningoja mpaka tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane. Nikikosa siku ile, funguo zinabaki kwa Fadhili moja kwa moja. Mizigo haingoji mtu, amesema, mimi mwenyewe najua.

Najua. Siku arobaini. Bila lori mimi ni nani? Mtu mnene anayejua mashimo yote kati ya Butembo na Oicha.

Nimemkagua kuku wangu kutoka juu mpaka chini. Afya nzuri. Kidole cha nyuma cha mguu wa kushoto hakina ukucha. Dereva haangalii uso, anaangalia matairi.

Jumapili, 9 Julai

Wameenda misa, kijiji kizima. Nimebaki na kuku.

Asubuhi baridi kali, ukungu umejaa bonde lote, huoni hata migomba ya jirani. Saa tatu jua likafika ukutani. Kabla ya kuondoka walikuwa wamenisogeza hapo, blanketi miguuni, mgongo kwenye udongo wenye joto. Mbele yangu maharagwe yameanikwa kwenye mikeka. Sikujua kwamba maharagwe yana sauti! Ganda likikauka linapasuka lenyewe — tap — punje inaruka. Kimya. Tap. Upepo kwenye mikaratusi. Tap tap. Hakuna honi. Hakuna askari wa barrière, kizuizi cha njiani, anayegonga mlango wa lori kwa kitako cha bunduki akiuliza nimemletea nini.

Mama Kahongya aliniachia viazi kwenye majivu ya moto, na chumvi kwenye jani. Nimekula vitatu. Vitamu mpaka nikakasirika.

Kila anayepita ananiambia nina bahati, nimepata congé, likizo. Mmoja alisema hewa ya Lubero peke yake ni dawa. Nilimwambia achukue hewa yote, anipe mguu wake mmoja. Alicheka sana. Watu wa hapa wanacheka hata ukiwatukana.

Ijumaa, 14 Julai

Kilomita: sifuri. Hatua: sifuri.

Naswali nimeketi. Muzee Siméon ndiye aliyenitafutia kibla — Mkatoliki, mwanachama wa kwaya! Aliniuliza Maka iko upande gani wa Uganda, akatazama jua, akafikiri, akaweka jiwe jeupe uani. Kila ikifika saa sita anawafukuza mbuzi wasipite kati yangu na jiwe.

Watu wazuri. Ndiyo shida. Gereza likiwa na watu wabaya unajua la kufanya.

Jumatano, 19 Julai

Sifa amekuja! Mke wangu kutoka Butembo, saa mbili na nusu juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Ameleta mchele, sabuni, na barua ya binti yetu Kadogo: amepanda darasa, anauliza kama kuku ana jina.

Aliketi kando ya kitanda akanishika vidole vya mguu kimoja kimoja, kama anavihesabu. Aliniuliza kama nikipona nitarudi kwenye ile barabara.

Nikasema barabara ni barabara.

— Baba Kadogo, akasema, Lubero pia iko na barabara. Butembo iko na barabara.

Nikamwambia kwamba patron hana lori la kuzunguka Butembo na nyanya. Oicha ndiko kwenye mizigo. Alisimama akaenda jikoni kwa mama Kahongya. Walikaa huko muda mrefu, nadhani walikuwa wanapika. Aliporudi macho mekundu. Moshi, alisema. Kuni za mikaratusi zina moshi kweli.

Ameondoka saa nane. Nilimtazama akishuka mpaka kilemba chake cha kijani kikapotea kwenye kona. Kuku alilala siku nzima.

Jumamosi, 22 Julai

AMEKANYAGA!

Nimemwona kwa macho yangu. Nilimrushia punje za mahindi mbali kidogo, akanyoosha shingo, hazifikii — basi akaushusha ule mguu. Hatua moja. Mbili! Nilipiga kelele mpaka muzee Siméon akaja mbio na panga, amedhani nyoka.

Mama Kahongya akachuchumaa, akamtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama tena kuku.

— Bado, akasema. Anajikuna tu.

Anajikuna! Mimi naona kuku anatembea, fundi anaona kuku anajikuna. Lakini fundi ni yeye. Siku ishirini na nne zimebaki.

Jumatatu, 24 Julai

Asubuhi walimchukua kuku nje. Mama anasema ana chawa, lazima apakwe majivu. Wamemrudisha baada ya chakula cha mchana, vijiti vipya, kamba mpya. Ametulia kupita kiasi. Nimemrushia mahindi mbali, hakuvuta hata kamba. Ameinua mguu, amesimama kwa mmoja, ananitazama kama mgeni.

Amerudi nyuma. Nimemshtua na kelele zangu za Jumamosi, mimi mjinga. Nimemwomba radhi. Ndiyo — nimemwomba radhi kuku. Tumefika huko.

Jumapili, 30 Julai

Kilomita sifuri, lakini leo sikukumbuka kuandika mpaka jioni. Hilo limenitisha.

Siku ilikwenda hivi. Jua ukutani. Mama Kahongya akaniwekea ungo wa maharagwe mapajani nichambue kabla hajaenda misa, mekundu huku, ya madoadoa kule, mabovu chini. Nimekuwa hodari! Mkono unakwenda wenyewe. Baadaye muzee akanipa maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, tukaongea habari za mvua. Mvua itakuja lini, upepo umegeuka, mchwa wameanza kujenga. Mimi naongea habari za mchwa! Kisha matunda mawili ya maracuja, nikalala usingizi wa mchana mdomo wazi.

Uani kuna kuku mmoja mwekundu, si wangu, yuko huru, anachakura makapi ya maharagwe kwa nguvu zote, kushoto, kulia, kushoto, kulia, makapi yanaruka. Nimemtazama saa nzima. Raha tupu. Nikamwonyesha wangu pale kitandani: tazama mwenzako anavyofanya, mvivu wewe.

Nilipoamka nilikuwa nimefurahi. Kwa muda mfupi sikutaka kuwa mahali pengine popote. Halafu nikakumbuka tarehe, nikaona aibu, kama mtu aliyecheka msibani.

Ijumaa, 4 Agosti

Fadhili amepiga simu. Anauliza kwa heshima zote: kaka mukubwa, jeki ya pili tulikuwa tunaficha wapi? Nimemwambia. Kisha akasema amesogeza kiti mbele kidogo, miguu yake mifupi.

Amesogeza kiti changu!

Siku kumi na moja. Nimemwita mama Kahongya, nimemwambia mguu hauumi tena, nimejibonyeza kila mahali, hauumi. Ajaribu tu. Anipe fimbo. Akauliza kuku amekanyaga? Hajakanyaga. Basi.

— Mufupa haina haraka, chauffeur. Ni weye uko na haraka.

Niligonga ukuta kwa ngumi. Udongo ukaanguka kitandani. Akauzoa taratibu kwa mkono wake, nikajisikia mtoto.

Jumapili, 6 Agosti

Niandike polepole. Nina hasira.

Wamekwenda misa. Jua ukutani, maharagwe yamekwisha kupigwa, kimya kabisa. Nimemkalisha kuku mapajani kumlisha. Amekunjua vidole juu ya blanketi. Mimi naangalia matairi.

Mguu wa kushoto. Kidole cha nyuma. Kuna ukucha.

Nikahesabu tena. Ukucha mzima, mweusi, mrefu! Ukucha hauoti wiki mbili. Huyu si kuku wangu!

Basi nikafanya lisilofanywa. Nikafungua kamba za mguu wa kulia, nikatoa vijiti kimoja kimoja. Najua mguu uliovunjika ukiunga unavyokuwa — una fundo, kama kamba iliyounganishwa. Nikapapasa. Hakuna fundo. Hakuna kitu! Mguu umenyooka kama siku alipotoka kwenye yai. Haukuwahi kuvunjika. Wamemfunga kuku mzima! Nikamweka chini. Alisimama kwa mguu mmoja kidogo, kwa mazoea, halafu akaenda uani anatembea zake.

Nikamfuata kwa macho. Alikwenda kwenye makapi, kwa yule mwekundu mwingine, yule mchakuraji, niliyekuwa namsifu. Naye nikamrushia mahindi karibu na kitanda. Akaja mbio. Mguu wa kulia una fundo. Kidole cha nyuma cha kushoto, hakuna ukucha.

Wiki nzima namsifu kuku wangu mwenyewe!

Nikashika ukuta. Nikasimama. Mguu ulinitetemeka kama wa ndama, lakini ulinibeba. Mlango mpaka jiwe la kibla, hatua kumi na nane. Nikarudi. Kumi na nane tena. Nililia, sioni haya kuandika.

Waliporudi misani nilikuwa nimeketi kizingitini, vijiti vidogo mkononi. Muzee Siméon aliona, akatazama mbingu, akakumbuka kwamba mbuzi hawajanywa maji. Mama Kahongya hakukimbia. Alivua kitambaa chake cha misa, akakikunja, akaketi chini karibu yangu.

Aliniambia yote. Sikutaka kusikia lakini nitayaandika kama alivyosema.

— Mufupa yako iliunga kitambo. Kuku wa kwanza alitembea ile siku ulipiga kelele. Weye njo ulimuona wa kwanza, ni kweli. Lakini Sifa, bibi yako, alipiga magoti ku jiko yangu. Alisema: Mama, kila siku miye naangaliaka saa. Saa sita anapitaka Mbau, sijue kama ametoka. Mutu ananiongelesha, siko namusikia. Hapa, saa sita ya muchana, najua fasi eko, ni ku kitanda. Umuchunge mupaka tarehe kumi na tano ipite.

Nikamwuliza: na wewe, fundi wa mifupa, ukakubali?

— Sikuvunja kuku wa pili. Kuvunja mufupa juu ya uongo, ile ni zambi. Nilimufunga tu.

Kama vile hilo linamaliza neno! Nikamwambia amenifunga mimi pia. Akasema ndiyo. Akasema nimsamehe, na kama nataka kwenda leo, niende, ataniombea motard na pikipiki yake. Ila mke wangu hatampigia simu kumwambia: yale ni maneno ya nyumba yetu.

Hakuna aliyekula vizuri leo.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimekasirika na Sifa toka asubuhi. Nimemwandalia maneno. Nimeyasema kwa sauti, muzee Siméon akadhani naswali, akafukuza mbuzi.

Miaka kumi na minne nawalisha kwa barabara ile. Nyumba ya mabati, masomo ya Kadogo, bitenge anavyouza sokoni, mtaji ulitoka wapi? Ungeniambia, Sifa. Ungesema wazi usoni: usiende.

(Alisema. Tarehe kumi na tisa. Nikamjibu barabara ni barabara.)

Jumanne, 8 Agosti

Jambo moja la mwezi wa tano sijawahi kuliandika popote, hata kwenye daftari hili. Kwenye ukurasa ule niliandika tu: Beni, kungoja, siku mbili.

Tulikuwa gari la tano kwenye msafara. Mbele yetu, karibu na Mbau, magari mawili yakachomwa na waasi. Nilimjua dereva wa la pili, tulikuwa tumekunywa chai pamoja asubuhi, ananidai mechi ya karata. Tuligeuza. Sijui nilivyogeuza lori la tani kumi kwenye njia ile, Fadhili anasema niligeuza mara moja tu kama baiskeli. Nyumbani nilimwambia Sifa tairi la mwenzetu liliungua, ndiyo maana shati linanuka. Akalifua. Kesho yake akalifua tena. Siku ya tatu tena, limeshatoka rangi, na hakuniuliza kitu.

Nikadhani ameamini. Nilijiona mwanaume mwerevu.

Alhamisi, 10 Agosti

Natembea! Nyumba mpaka barabarani, robo saa kwa mtu mzima, mimi nusu saa na fimbo. Asubuhi ukungu, umande kwenye majani, mama mmoja ananisalimia kutoka shamba la viazi, Wavukire, kana kwamba nimekuwa nikipita hapo miaka yote. Nikamjibu. Niliketi kwenye ukingo wa shamba, nikanusa udongo uliochimbuliwa. Hapo ndipo ningependa kuzeeka, nilifikiri, halafu nikajiambia: nyamaza, mzee, ukizeeka hapa utakula nini, harufu?

Nimempigia patron. Nimesema nimepona. Alifurahi kweli, alipiga kelele. Tarehe kumi na tano lori linapakiwa Butembo alfajiri, viazi, kwenda Oicha. Fadhili atarudi kuwa convoyeur. Nimemwambia arudishe kiti nyuma.

Nilipokata simu niliomba kiazi, nikakishika tu. Ni njaa, nikasema. Nilikuwa nimetoka kula.

Jumamosi, 12 Agosti

Mama Kahongya ananikanda mguu kwa maji ya moto kila asubuhi. Leo tu aliuliza nitaondoka lini. Jumatatu, nikasema, nilale nyumbani usiku mmoja kabla ya safari. Akasema Jumanne ni Bikira Maria kupalizwa mbinguni, amemwalika Sifa aje tule pamoja, Sifa amekubali. Nikasema Sifa atanikuta nyumbani kwake Jumatatu, hatahitaji kupanda mlima.

— Bon, akasema.

Ile bon, yaani sawa, ilikuwa na uzito wa gunia.

Jumatatu, 14 Agosti

Saa tatu asubuhi. Barabarani.

Naandika nimeketi juu ya mzigo wangu nangoja motard. Nimeaga. Muzee Siméon amenipa viazi kwenye kikapu na fimbo amesema ni yangu. Mama Kahongya alinishika mkono kwa mikono yake miwili, Wasingya, asante, akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyemponya. Jua zuri. Bonde linaonekana lote leo, mpaka moshi wa tanuru za matofali huko chini. Nitamwambia Sifa hivi: najua yote, nimekusamehe, kesho naenda. Maneno matatu. Nimeyapanga vizuri.

Pikipiki inasikika, inapanda.

Baadaye. Saa nane.

Siyo motard wangu. Ilikuwa Sifa.

Amekuja siku moja mapema, anasema kesho pikipiki zitakuwa za watu wa sikukuu tu. Niliona kilemba cha kijani kwenye kona ya chini. Mimi nimesimama! Fimbo mkono mmoja, mzigo begani, miguu miwili chini, wima kama mlingoti wa bendera ya shule. Yeye hajaniona, alikuwa anainama kumwambia motard kitu sikioni, labda polepole na mashimo, au labda motard alimtania. Akacheka.

Kichwa nyuma, meno yote nje. Sifa anavyocheka mtu wa mtaa wa pili anasikia. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka.

Nikaketi.

Sijui kwa nini — hapana, najua. Nilijitupa kwenye nyasi, fimbo nikaisukuma ndani ya mfereji, mguu wa kulia nikaunyoosha mbele yangu kama kigogo. Pikipiki ikafika. Aliruka kabla haijasimama. Akauliza nani alinileta huku, nani! Nikasema watu walinibeba nije kupunga hewa.

— Na kuku? akauliza haraka. Kuku ametembea?

— Bado, nikasema.

Alifumba macho. Alikaa hivyo, akanishika vidole vya mguu, kimoja kimoja. Al-hamdulillahi, alisema chini chini, halafu akakumbuka kwamba mke hashukuru kwa jambo kama lile, akasema pole.

Muzee Siméon alishuka mbio, ameona kutoka juu. Alitazama mzigo, akanitazama mimi, akatazama mguu. Mtu huyu ana akili kuliko nilivyodhani. Alimwita jirani, wakanishika kwapa huku na huku, wakanipandisha mlima wote ule, mimi nimeinua mguu mzima hewani, natoka jasho la aibu.

— Uzito yako imerudi, chauffeur, akaniambia tu.

Sasa niko mlangoni, upande wa kushoto, kitandani. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani, maana kamba hii nimejifunga mwenyewe. Mama Kahongya amepita mara mbili bila kunitazama. Sifa ameketi mbele yangu juani, ungo mapajani, anachambua maharagwe, mekundu huku, ya madoadoa kule. Ananisimulia habari za Kadogo na nyumba, anaongea kama maji. Kesho alfajiri lori linapakiwa.

Simu inaita. Jina la patron.

Sifa ameliona jina. Hadithi yake imekatika katikati. Mkono umebaki ndani ya ungo, hauchambui.

— Kamata simu, anasema bila kuinua kichwa. Patron hapendake kungoja.

Inaita bado. Anautazama mguu wangu wa kulia, na mimi nimeanza kuukunja, aone kwamba unakunjika.